Mkaguzi Hakustaafu

Bodaboda wa kona yetu ya Bigwa walikuwa wakivaa kofia ngumu mara mbili kwa siku: asubuhi Mkaguzi alipokwenda misani, na baadaye aliporudi. Katikati ya hapo kofia zilining'inia kwenye vioo vya pikipiki. Trafiki hawakuwaogopa kiasi hicho, maana trafiki ni mtu unayeweza kuzungumza naye. Mkaguzi hakuwa wa kuzungumza naye. Alisimama mbele yako, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa tena, halafu akasema, "Nimekuta." Kila sentensi yake ya kazi ilianza hivyo. Nimekuta mfereji wako umeziba. Nimekuta mwanao anakula muwa huku anatembea. Nimekuta bango la saluni lina makosa matatu ya tahajia, na moja liko kwenye jina lako mwenyewe.

Alikuwa mkaguzi wa shule za msingi, na kazi ile ukiifanya kwa muda mrefu haikubali kubaki ofisini. Serikali ilimstaafisha kwa barua nzuri na zawadi ya saa ya ukutani. Saa aliipokea, akakuta inachelewa dakika nne, akairudisha. Barua hakuijibu. Kuanzia hapo alichopungukiwa ni shule tu. Ukaguzi aliendelea nao.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na magauni yake yote ya kitenge aliyashonea mifuko mikubwa, mmoja wa kalamu na mmoja wa daftari lenye jalada gumu. Alikwenda nalo kila mahali. Jirani yetu fundi cherehani alipofariki, Mkaguzi alikaa msibani siku zote, akapika chai, akaosha vyombo, na siku ya kuanua tanga akamkabidhi mjane karatasi moja iliyokunjwa vizuri. Niliisoma baadaye kwa ruhusa ya mwenyewe. "Jeneza lilifika kwa wakati. Kwaya iliimba sauti mbili badala ya nne. Uji ulikuwa mwepesi mno siku ya kwanza, ukarekebishwa. Marehemu alisifiwa kupita kiasi, hasa na msemaji wa tatu." Mjane aliniambia kuwa alipofika kwa msemaji wa tatu alicheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu mumewe aanze kuugua, na ile karatasi ameiweka ndani ya Biblia.

Kanisani alikaa benchi la mbele, akavua saa ya mkononi akaiweka mbele yake pale pa kupigia magoti. Mahubiri yalikuwa mafupi katika parokia yetu kuliko parokia zote za jirani. Aliletwa padri kijana, akahubiri Jumapili yake ya kwanza huku macho yakimponyoka kuelekea ile saa, na baada ya misa akamuuliza katekista, "Yule mama ni nani?"

"Mkaguzi, Baba."

"Wa jimbo?"

"Hapana, Baba. Wa kila kitu."

Sasa usidhani mwenyewe alikuwa amenyooka kama rula. Ugali wake ulikuwa na mabonge, na alikuwa hodari wa kukosoa ugali wa wenzake. Daktari alimkataza sukari, naye akawahutubia akina mama wa jumuiya juu ya hatari ya sukari kwa nusu saa nzima, na siku hiyohiyo nilimkuta nyuma ya nyumba yake amejaza kashata mdomoni. Tulitazamana. Alitafuna taratibu mpaka akamaliza, akajifuta, akasema, "Nilikuwa naikagua."

Nilimfahamu kabla ya Bigwa. Nilikuwa mwalimu mpya katika shule moja juu kwenye milima ya upande wa Matombo, kule ambako gari likifika watoto wanatoka darasani kulitazama. Yeye alikuwa akifika kwa miguu, maana Land Rover ya ofisi ilikuwa ikikwama kila msimu mahali palepale. Siku ya kwanza alikaa nyuma ya darasa langu la hesabu. Nilifundisha sehemu kwa kukata ndizi. Nilitokwa jasho, nikakata ndizi vipande visivyolingana, wanafunzi wakala zana zote kabla ya somo kuisha. Maoni yake nayakumbuka neno kwa neno: "Mwalimu ana sauti. Hajui anachokisema, lakini anasikika hadi nyuma."

Mwalimu mkuu wangu alicheka sana aliposoma hayo. Huyu aliitwa Apolonia, mwenyeji wa Kinole, mama mfupi, mnene, mwenye kicheko kilichokuwa kikianzia tumboni. Yeye na Mkaguzi walikuwa marafiki tangu chuo cha ualimu. Walilala kitanda kimoja cha juu na chini, walikuwa na pasi moja na jozi moja ya viatu vya maana, wakivivaa kwa zamu. Mkaguzi alipokuja shuleni kwetu alilala kwa Apolonia, na usiku tuliwasikia wakicheka kama wasichana. Asubuhi Mkaguzi alitoka amevaa uso wa kazi, akampa mwenzake mkono kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana, akasema, "Mwalimu mkuu, naomba madaftari ya mahudhurio."

Hapa lazima niseme la mtoni. Nikiliacha, huyu mama atabaki kichekesho tu, na mimi nitabaki mtu mwema, na yote mawili si kweli.

Ilikuwa masika. Mvua ilianza alfajiri kule juu, na kufikia adhuhuri mto uliokuwa chini ya shule ulikuwa umebadilika rangi na sauti. Apolonia alisimama dirishani akautazama, akagonga kengele, akatuambia walimu tuwavushe watoto wa ng'ambo mara moja na wengine tuwafikishe majumbani. Wadogo tuliwabeba mgongoni. Nilikuwa nimevusha wa mwisho nilipomwona Mkaguzi anashuka na njia ya ng'ambo, matope hadi magotini, mkoba kichwani. Gari lilikuwa limekwama. Nilimwambia, "Shikamoo Mama, maji yanapanda, heri ungesubiri." Alininyooshea mkono. Nikamshika, tukavuka, maji yakamfika kiunoni, na mara moja aliteleza nikamshikilia kwa mikono yote miwili. Tulipofika upande wa pili alikamua gauni lake, akaniambia, "Mwalimu, saa hizi ulitakiwa uwe darasani."

Apolonia alimpokea, akampa kanga kavu, akampikia chai, wakanywa pamoja. Nami nilikunywa. Mvua iligonga bati, tukawa tunawaza kama watoto wamefika salama.

Ripoti ilitoka baada ya wiki chache. "Saa saba na robo mchana shule ilikutwa haina mwanafunzi hata mmoja. Mwalimu mkuu alikutwa ofisini anakunywa chai."

Kila neno lilikuwa kweli. Mto haukutajwa.

Afisa elimu wa wakati ule alikuwa akitafuta mtu wa kutolea mfano. Apolonia alivuliwa ualimu mkuu, akahamishiwa mbali, mwisho kabisa wa mkoa. Hakwenda. Aliandika barua ya kuacha kazi, akafunga masanduku mawili, akateremka mlima akaenda Dar es Salaam. Siku anaondoka hakuna mwalimu aliyemsindikiza zaidi ya getini. Na kabla ya hapo mimi niliitwa ofisini kwa afisa elimu nieleze nilichokiona. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na uthibitisho wa ajira yangu ulikuwa mezani kwa mtu yuleyule anayeniuliza. Niliandika: "Watoto walipokuwa wakiondoka nilikuwa nje ya eneo la shule." Hilo nalo lilikuwa kweli, neno kwa neno.

Mwaka huohuo Mkaguzi alipandishwa cheo. Watu walisema walivyotaka kusema. Miaka ikapita, nami nikahamishiwa mjini, nikapanga Bigwa, kisha nikajenga Bigwa, na nyumba ya tatu kutoka kwangu akawa yeye. Tuliishi majirani kwa muda unaotosha mtoto kuzaliwa na kumaliza chuo. Aliniuguza nilipougua malaria kali. Alinisaidia kuchagua jina la mwanangu wa mwisho, akakataa majina manne kwa sababu za kitaaluma. Habari ya mto hatukuigusa hata mara moja. Kila mmoja alijua mwenzake anajua.

Kijana wangu mkubwa alipotaka kuoa, mchumba alikuwa Mtwara. Tuliunda kamati ya harusi, na kabla hatujamchagua mwenyekiti tukakuta tunaye. Mkaguzi aliendesha vikao vya kamati ile kama mtihani wa darasa la saba. Aliyechelewa alisimama mlangoni mpaka aruhusiwe. Mshereheshaji alifanyiwa usaili mara mbili na akaambiwa vichekesho vyake vyote viandikwe kwanza. Mke wangu na ndugu wengine walitangulia kwa basi siku ya Jumatano. Mkaguzi magoti yake hayakuweza tena basi la masafa marefu, kwa hiyo ikapangwa mimi na yeye tuondoke Alhamisi: treni ya umeme asubuhi mpaka Dar, ndege ya Mtwara saa tisa alasiri. Harusi ni Jumamosi. Muda ulikuwa unatosha na kubaki.

Kwenye treni alikuwa na furaha ya aina yake. Alizikagua rafu za mizigo, akamwambia mhudumu shati lake limetoka nyuma, akasifu usafi wa choo kwa sauti iliyosikika behewa zima. Tulipokaribia Dar alifungua mkoba, akatoa kijikaratasi.

"Tuna nusu siku hapa mjini," akasema. "Tutapita kumsalimia rafiki."

"Rafiki gani, Mama?"

"Apolonia."

Niligeukia dirishani. Nje kulikuwa na mabati na minazi, nami niliviangalia kana kwamba nimeagizwa kuvihesabu.

"Anajua kama tunakwenda?" nikauliza hatimaye.

"Ukaguzi hautolewi taarifa."

"Tunakwenda kumkagua?"

Aliikunja ile karatasi na kuikunjua, akaikunja tena. Nilimuuliza anuani kaitoa wapi, akasema kapewa na mpwa wa Apolonia, kule Kinole. Nikauliza lini. Akasema, "Zamani kidogo." Karatasi ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo hadi inapitisha mwanga.

Apolonia alikuwa akiishi Sinza, ghorofa ya tatu ya jengo lisilo na lifti. Mkaguzi alizipanda zile ngazi kwa kusimama kila zinapokata kona, na kwa kuwa hakutaka kuonekana anapumzika, alisimama akitikisa vyuma vya kushikilia. "Hivi vimelegea," akasema kwenye kona ya kwanza. Kwenye kona ya pili alisema, "Hivi pia." Kwenye ya tatu alishika chuma tu na kuhema.

Mlango ulikuwa wazi. Nje yake kandambili ndogo zimepangwa mstari mmoja ulionyooka. Mkaguzi alizihesabu. "Jozi kumi na moja," akaninong'oneza, na nikaona amevutiwa ingawa hakutaka kuvutiwa. Shule zilikuwa zimefungwa, na ndani sebuleni, juu ya mkeka, watoto kumi na mmoja wa jengo lile walikuwa kwenye tuisheni. Ubao ulikuwa umeegemezwa kwenye friji. Mbele ya ubao alikuwa amesimama Apolonia, mfupi, mnene, nywele nyeupe pe, chaki mkononi.

Alitutazama. Alimtazama yeye kwanza, halafu mimi, halafu yeye tena, na muda wote huo feni ya mezani iligeuza kichwa ikaenda na kurudi. Sikuweza hata kumwamkia.

"Watoto," akasema mwisho, "wageni."

Walisimama wote. "Shikamooni wageni!"

"Marahaba," tukasema, mimi na Mkaguzi, kama wanafunzi wapya.

"Kaeni, tunaendelea. Wageni wakae nyuma."

Nyuma kulikuwa na vigoda viwili vya plastiki. Mkaguzi alikaa kwenye kimoja, magoti yakamfika kifuani. Nami nikakaa. Somo lilikuwa kusoma saa. Apolonia alikuwa na saa ya kadibodi yenye mishale ya kuzungusha. Aliwauliza saa mbili kamili, saa nne na nusu, wakajibu kwa kelele. Kisha akazungusha mishale taratibu, akiinua uso kututazama.

"Hii ni saa ngapi?"

"Saa saba na robo!"

"Saa saba na robo mchana, siku ya shule, watoto wanatakiwa wawe wapi?"

"Shuleni!"

"Na kama mvua imenyesha sana, mto umejaa, maji yanakuja?"

Watoto wakatazamana. Halafu msichana mmoja aliyekosa meno mawili ya mbele akanyoosha mkono. "Kwa mama yake, Mwalimu."

"Umepata," akasema Apolonia. "Chukueni madaftari, choreni saa sita, kila moja na wakati wake. Bila kunong'ona."

Mkaguzi alikuwa ametoa daftari lake. Aliandika kwa muda mrefu, na mkono wake, ambao siku zote uliandika kwa herufi zilizosimama kama askari, ulikuwa ukikata maneno na kuandika upya. Apolonia alikuja akasimama mbele yake. Kwa jinsi Mkaguzi alivyokaa chini, safari hii Apolonia ndiye alikuwa mrefu.

"Umekuta nini?" akamuuliza.

Mkaguzi akamnyooshea daftari.

"Mimi macho yangu hayasomi tena mwandiko wa wakaguzi. Simama usome."

Nilitaka kumsaidia kunyanyuka, akanikataza kwa kiwiko. Ilimchukua muda. Alishika ukuta, akasimama, akavaa miwani, watoto wakaacha kuchora. Alisoma kwa sauti ileile ya ripoti, lakini polepole.

"Siku ile mto ulikuwa umejaa. Mimi mwenyewe niliuvuka nikiwa nimeshikwa mkono, maji yakanifika kiunoni. Mwalimu mkuu aliwaondoa watoto kabla maji hayajapanda. Hakuna mtoto aliyezama. Chai iliyokutwa ofisini ilipikwa kwa ajili yangu. Niliinywa."

Alishusha daftari. Yule msichana asiye na meno akauliza, "Mwalimu, tumpigie makofi?"

"Bado," akasema Apolonia. "Hajamaliza."

Mkaguzi alitazama daftari. Kutoka pale nilipokaa niliona ukurasa wote, na chini ya hapo palikuwa peupe.

"Wangesema nampendelea rafiki yangu," akasema, bila kusoma.

"Hiyo ni sababu. Nilishaijua, sikuja mjini bila kuijua. Nasubiri neno."

Sijawahi kumwona mama yule akitafuta neno. Yalikuwa mifukoni mwake siku zote, kama kalamu. Alifunga daftari. Alichokisema alikisema kwa Kiluguru, kwa sauti ndogo, na hakikuzidi maneno matatu. Watoto wa Sinza hawakuelewa. Mimi nilielewa, na sitakitafsiri.

Apolonia aliitikia kwa kichwa. Kisha akanigeukia mimi, ambaye nilikuwa nimeanza kujisikia mtazamaji.

"Na wewe?"

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Siku ile ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa mtoni, Mwalimu. Navusha watoto."

"Najua ulikuwa mtoni, nilikutuma mimi. Nakuuliza ulipoitwa ofisini ulikuwa wapi."

Nami nikasimama. Mwanaume wa miaka hamsini na kitu, baba wa bwana harusi, suti iko kwenye begi, nikasimama mbele ya watoto kumi na mmoja nikasema niliogopa. Nilisema niliogopa kukosa kazi. Nilimwomba radhi kwa Kiswahili, kwa sababu mimi sikuwa na mahali pa kuficha neno lenyewe.

"Haya, watoto," akasema Apolonia. "Sasa pigeni."

Wakapiga yale makofi ya shuleni, matatu matatu. Mkaguzi alitikisa kichwa kufuatisha hesabu, nadhani bila kujijua.

"Nimewasikia wote wawili," Apolonia akasema makofi yalipokwisha. "Msamaha nimeuchukua kama kazi ya nyumbani. Nitaifanya kwa muda wangu. Mmekula?"

Tulikula wali, samaki wa kukaanga na mchicha wa nazi. Apolonia alitaka habari za Matombo na Kinole, nani kafa, nani kaoa, barabara imefika wapi. Mkaguzi alijibu kila swali kwa ukamilifu. Tulipokuwa katikati ya sahani aliweka kijiko chini akasema, "Nimekuta wali umepungukiwa chumvi."

Apolonia alinyoosha mkono akaiondoa ile sahani, akaiweka upande wake wa meza, akaendelea kula ya kwake. Tukakaa. Feni ikaenda, ikarudi.

"Nimekuta chumvi inatosha," akasema Mkaguzi.

Sahani ikarudishwa. Na hapo ndipo Apolonia alipocheka kile kicheko cha tumboni, na Mkaguzi akakidaka, wakacheka mpaka wote wawili wakawa wanafuta macho kwa kanga, na mimi nikatazama saa ya ukutani kwa adabu, na hivyo ndivyo nilivyogundua kuwa ni saa nane.

Tulifika uwanja wa ndege kaunta imeshafungwa. Kwa miaka yote niliyomfahamu, Mkaguzi hakuwahi kuchelewa hata kuungama. Alisimama mbele ya binti wa kaunta, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Nikafumba macho. "Nimekuta," akaanza, kisha akanyamaza. Alimtazama yule binti, akanitazama mimi, akasema, "Basi, mwanangu. Tumechelewa wenyewe." Nilishtuka kuliko binti wa kaunta.

Tulirudi kulala kwa Apolonia, na Ijumaa alfajiri tukapanda basi la Mtwara. Magoti yake yalivimba kama maboga. Mke wangu alitupokea stendi akiwa na maswali mengi kuliko mizigo. Nilimwambia tulichelewa kwa rafiki, akaniuliza rafiki gani anayemfanya baba wa bwana harusi akose ndege, nami nikamwambia ni habari ndefu. Kwenye sherehe Mkaguzi alikaa mguu juu ya kigoda, akamwacha mshereheshaji aseme vichekesho ambavyo havikuandikwa popote. Kijana wangu alimfuata kesho yake kuomba ripoti ya harusi yake. Alimjibu, "Sikukagua. Nilikuwa nimekaa tu." Kijana alikuja kwangu kwa wasiwasi, akidhani Mkaguzi anaumwa.

Baada ya hapo alianza kupotea mtaani. Wiki yupo, wiki hayupo. Bodaboda walichanganyikiwa, hawakujua siku za kofia. Nilimuuliza mara moja, akasema ana shughuli Dar. Nami nilikuwa na shughuli zangu, nikaacha.

Mwaka jana nilikuwa nasafiri kwenda kumwona daktari wa macho, nikamkuta stesheni ya Morogoro amekaa kwenye kiti cha abiria. Alikuwa amezeeka ghafla, kama wazee wanavyofanya ukiwapa kisogo. Pembeni yake palikuwa na kapu la ndizi na shokishoki za kutoka mlimani. Nilimwamkia, nikakaa. Aliniambia anakwenda Sinza, kwamba huenda kila baada ya wiki moja, na kwamba anafundisha.

"Unafundisha, Mama?"

"Chekechea. Wakubwa kawachukua Apolonia mwenyewe. Anasema mimi niliacha kufundisha mapema mno, nianzie chini." Alilisema hilo kwa kinyongo cha mwalimu mpya aliyepangiwa darasa bovu.

"Na ile kazi yake ya nyumbani? Kaimaliza?"

"Simuulizi," akasema. "Anapika, nakula. Ananisema, nasikia. Simuulizi."

Watu walikuwa wanapita na mabegi yao, na kijana mmoja alipita na kamba za viatu zinaburuta. Niliona ameziona. Hakusema kitu. Alikuwa na jambo lingine.

"Mwalimu," akasema, "mtoto akilala katikati ya somo, unafanyaje?"

Nilidhani ananitega. Nilifundisha zaidi ya miaka thelathini na bado kiganja kilitoka jasho. "Kalala vipi, Mama?"

"Kaniegemea. Hapa." Akagusa ubavu wake wa kushoto. "Tulikuwa kwenye herufi. Nikaona nikijisogeza ataamka. Nikakaa mpaka mguu ukafa ganzi, na somo halikwisha. Apolonia alipita akaniona, hakusema kitu, akapita. Sasa najiuliza. Akirudia, nimwamshe?"

"Mwache alale."

"Na herufi?"

"Atazikuta akiamka."

Alilifikiria hilo kwa uzito mpaka tukaitwa kupanda. Nilimbebea kapu. Tiketi zetu zilikuwa behewa moja, yeye dirishani, mimi viti vitatu nyuma yake. Jirani yake alikuwa dada mmoja wa kisasa, kucha ndefu, simu mkononi, sikioni waya, na nilimhurumia kwa yatakayomfika.

Hatujafika Ngerengere, Mkaguzi alikuwa amesinzia. Kichwa kilimteremka kidogo kidogo, kikasimama, kikateremka tena, mwisho kikatua begani kwa yule dada asiyemjua. Dada aliinua uso, akamtazama. Simu yake iliita. Aliizima kwa kidole gumba, bila kusogeza mkono mwingine wala bega, akakaa hivyo, wima kabisa, mpaka Dar es Salaam.